Hakuna Mwili, Hakuna Kifo

Spokane, Washington
14 Januari 1996

Shangazi Ardis,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na nyumba ina moto wa kutosha. Sisi huku hatujambo. Baba bado anachechemea. Goti alilopasuliwa limekataa ngazi, kwa hiyo analala sebuleni na kulalamika kuhusu televisheni utadhani mimi ndiye ninayetunga vipindi. Anakusalimu. Mimi nimepandishwa cheo dukani. Sasa ni msimamizi wa idara ya rangi, maana yake nachanganya rangi zilezile nikiwa nimevaa tai.

Sijakuandikia tangu tumzike Baba Mkubwa Orrin mwezi wa kumi na moja, na naomba radhi. Kila nikishika kalamu naona ninachotaka kuuliza ni kimoja tu, na naona haya. Lakini nitauliza. Wewe ndiwe dada yake, wewe ndiwe uliyeachiwa vitu vyake, na najua madaftari yamo humo ndani. Vitabu vitano vya Kengele za Varn vimetoka. Cha sita hatukukiona. Chama chetu cha wasomaji kina watu elfu mbili, mimi ndiye katibu wao, na kila wiki barua zinauliza jambo lilelile: Silla aliishia wapi?

Najua wewe si msomaji wa vitabu vyake, basi nikukumbushe. Osmer ni mpiga kengele, na katika nchi ya Varn kengele ndiyo uchawi. Kila uchawi una malipo, na anayelipa si mpigaji, ni ndugu yake wa damu aliye karibu naye. Katika kitabu cha nne Osmer anapiga kengele kuu kuokoa jeshi, na siku hiyohiyo mdogo wake Silla anapita juu ya ziwa la barafu, harudi. Basi. Hakuna maiti, hakuna mazishi. Sisi wasomaji tuna kanuni: hakuna mwili, hakuna kifo. Wapo wanaosema alichukuliwa na watu wa chini ya barafu. Wapo wanaosema ndiye yule malkia wa kitabu cha tano anayefunika uso, na wana kurasa za kuthibitisha. Kwetu nadharia isiyo na namba ya ukurasa haisikilizwi, na ikikubaliwa inapewa jina la aliyeileta. Agosti tunakutana Milwaukee kupiga kura, kama kila mwaka.

Sentensi moja tu kutoka kwenye madaftari, shangazi. Yu hai au hayuko?

Mwanao,
Lyle


Lindal, Wisconsin
6 Februari 1996

Lyle mwanangu,

Salamu zimefika. Mimi naamka salama, ingawa baridi ya wiki hii imepasua bomba la bafuni, na fundi aliyekuja alinuka bia saa tatu asubuhi. Mwambie baba yako goti haliponi kwa kukaa. Kanisani tulikuwa na ile karamu ya samaki wa magadi, wale wakavu wanaolowekwa mpaka wanuke. Nimeosha sahani mia mbili na hamsini, na mpaka leo mikono inanuka. Gari la bahati nasibu ya mwaka huu wameshaliweka juu ya barafu ya ziwa, Chevrolet ya kijani isiyo na injini, na mji mzima unabahatisha siku litakayozama. Kila mwaka wananiletea karatasi nijaze siku na saa, na kila mwaka nawarudishia tupu.

Sasa hayo mengine. Wasomaji wako wameshafika hapa. Kaburi la kaka yangu limejaa kengele za bati mpaka jiwe halionekani. Jumanne nilimkuta mwanamke mzima, amevaa joho la zambarau, amepiga magoti anachokoa udongo ulioganda kwa kijiko na kuutia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Nikamuuliza, "Huo unaupeleka wapi?" Akanijibu, "Mama, wewe huwezi kuelewa." Nilirudi nyumbani kahawa ikanishinda.

Madaftari yapo. Yapo juu ya friji, na yatakaa juu ya friji.

Na hiyo kanuni yenu, mama yangu aliijua kabla yenu. Baba yako alikuwa na miaka mitatu, hawezi kukumbuka, na kwetu jambo hili halizungumzwi, lakini tulikuwa na mdogo wetu akiitwa Inga. Aprili ya 1949 alizama ziwani akiwa na miaka minane, na hakupatikana. Mama alimwekea sahani mezani miaka kumi na moja. Ukimwambia kitu anakujibu, "Mmeniletea mwili? Basi msiniambie habari za kaburi." Mimi ndiye niliyekuwa naiosha ile sahani, safi hivyohivyo, kila siku. Kwa hiyo nikisikia watu wazima wenye kazi zao wamelifanya jambo hilo mchezo, na wanalipigia kura, naona kinyaa, Lyle. Sina neno jingine. Mwacheni huyo mtoto afe.

Shangazi yako,
Ardis


Spokane
3 Machi 1996

Shangazi mpendwa,

Pole kwa bomba. Baba anasema usimlipe fundi mlevi hadi maji yapite wiki nzima. Theluji kwetu imekwisha, na watu wameanza kununua rangi za uzio.

Sikujua habari za Inga. Nilipomuuliza baba alizima televisheni, jambo ambalo hajalifanya tangu vita vya Ghuba, akasema, "Muulize Ardis," kisha akaiwasha tena. Nisamehe kwa nilivyoandika. Lakini wewe mwenyewe waona: ziwa, barafu, msichana wa miaka minane. Silla naye ana minane. Nimekutolea nakala ya sura ya ishirini na mbili ya kitabu cha nne, kurasa kumi, uisome. Osmer anamtuma Silla juu ya barafu kuangalia kama mnara wa maadui umeanza kuinama, na anamtuma yeye kwa sababu ni mwepesi kuliko wote. Baba Mkubwa aliitoa wapi hii? Wewe ulikuwapo siku ile?

Usiwe na wasiwasi. Haya ni yetu wawili.

Lyle


Lindal
29 Aprili 1996

Lyle,

Mimi mzima. Barafu imevunjika tarehe ishirini, gari limezama saa nane mchana, aliyepatia ni mke wa mchungaji. Habari za nyumbani ni hizo. Sasa nisikilize.

Jumamosi ya tarehe kumi na tatu walikuja watu tisa kwa magari matatu. Kiongozi wao ni Curtis Bohannon, daktari wa meno kutoka Tulsa, kitambi chake hakienei kwenye joho. Walijipanga ufukweni, barafu ikiwa imeshaanza kuwa nyeusi, wakapiga kengele na kuita jina. Si la Silla. La Inga. Nilikuwa naanika mashuka. Jina la mdogo wangu sijalisikia kwa sauti miaka mingapi, na sasa wanalipigia kelele watu tisa nisiowajua, na mmoja wao anakula mahindi ya kukaanga.

Nikashuka. Nikauliza, "Nani kawapa hilo jina?"

Daktari akatabasamu. "Wewe ndiwe shangazi. Tumeisoma barua yako. Ile ya sahani imetugusa sana."

"Barua gani?"

Akaitoa mfukoni. Jarida lenu la Machi, ukurasa wa pili, barua yangu neno kwa neno, mpaka bomba langu la bafuni limo. Akaniuliza, "Samahani, hiyo sahani ilikuwa rangi gani? Maana kitabu cha pili, ukurasa wa tisini, kuna sahani ya buluu." Kisha akaniomba nimwonyeshe kwa kidole mahali penyewe hasa.

Nilikuwa nimeshuka na ndoo ya maji ya kufulia. Alirudi kwenye gari joho likichuruzika.

Haya ni yetu wawili, uliniandikia, na wakati huo umeshaipeleka kwa mchapaji. Nimekulea likizo ngapi katika nyumba hii. Nimekufuta makamasi. Sasa nikiitazama saini yako naona uchafu.

Zile kurasa kumi nimezisoma. Sitasema lolote juu yake. Usiniandikie.

Ardis


Spokane
21 Mei 1996

Shangazi,

Najua umenikataza. Baba hajambo, na hajui kwamba nakuandikia.

Niliichapisha. Sina kisingizio. Miaka yote hiyo tunabishana juu ya kurasa, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu cha kweli mkononi, na nilitaka kiwe na jina langu. Nilijua hutaki. Ndiyo maana nilikuandikia uongo.

Sasa limezaa jingine, na hili huwezi kulikwepa hata nikinyamaza. Bohannon ameandika nadharia mpya, kurasa sita, imetoka kwenye jarida la Mei. Anasema Osmer ni Baba Mkubwa Orrin mwenyewe. Anasema Inga hakutumwa kwa bahati mbaya. Alitolewa kafara. Kwamba kipaji cha kuandika ndiyo kengele, na mdogo wake ndiye malipo. Ushahidi wake ni ukurasa wa 412 wa kitabu cha nne, pale penye "alimtuma aliye mwepesi, akijua." Nilipinga kwenye kamati. Tuko saba, wakanishinda sita kwa mmoja. Mwenyekiti akaniambia, "Lyle, bwana wee, ni nadharia tu. Mbona unaichukulia kama matusi?" Nilitoka nje nikatapika kwenye maua yake.

Kwenye kompyuta, wasomaji wanakoandikiana, ndiyo usiseme. Kila mtu anaongeza lake. Mmoja ameuliza Baba Mkubwa alimshikilia majini dakika ngapi, mwingine akamjibu kwa hesabu.

Nimemuuliza baba tena. Safari hii alisema: "Orrin ndiye aliyemtuma. Alikiri mwenyewe mbele ya mzee. Mzee akampiga kwa mkanda wa farasi, akamfukuza akakae kwa mjomba. Lindal nzima inajua." Kwa hiyo hiyo nusu ni kweli, shangazi? Nipe kitu cha kumtetea. Tarehe kumi na saba Agosti wanapiga kura, na watakachokubaliana ndicho kitakachoandikwa juu yake, kwa sababu hakuna wengine wanaoandika juu yake. Atabaki na jina la muuaji wa mtoto.

Lyle


Spokane
30 Juni 1996

Shangazi,

Baba amepanda ngazi tatu bila kushikwa. Hujajibu, na sikulaumu. Nadharia ya Bohannon imeingia kwenye karatasi ya kura. Wametengeneza na fulana, mvulana na msichana na tundu kwenye barafu.

Lyle


Lindal
22 Julai 1996

Lyle mwanangu,

Nimefurahi kwa hizo ngazi tatu. Mimi tumbo lilinisumbua mwezi mzima, sasa nakula. Fulana nimeiona. Inaning'inia hapa kwetu kwenye duka la chambo, na muuzaji ni mtu niliyemfundisha katekisimu.

Mwaka 1949 nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilijaza karatasi ya gari: Aprili kumi na mbili, saa kumi jioni. Zawadi ilikuwa paja la nguruwe, lakini sikuwa na shida na paja. Nilitaka jina langu lisomwe mbele ya wavulana. Saa tisa na nusu siku hiyo gari lilikuwa bado limesimama, na kutoka ufukweni sikuweza kuona kama magurudumu ya mbele yameanza kudidimia. Orrin alikuwa kitandani, ana homa. Inga alikuwa kando yangu anakula mkate. Nikamwambia, "Wewe mwepesi. Kimbia ukaangalie kama limeinama, uje uniambie." Akanipa mkate wake nimshikie, akaenda.

Nilikuwa nalitazama gari. Sikuwa namtazama yeye. Nilipomtafuta hakuwapo, na sikuwa nimesikia hata sauti. Barafu ya Aprili huoza kwa viraka, hilo kila mtoto wa hapa analijua, na mimi nililijua. Gari lenyewe lilizama siku tatu baadaye.

Baba alipouliza nani kamtuma, kinywa changu hakikufunguka. Orrin alikuwa amesimama mlangoni na blanketi mabegani, miaka kumi na mitatu, anatetemeka. Aliniangalia. Kisha akasema, "Mimi." Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake nikajiambia nitasema siku ya mazishi, na mama hakukubali mazishi. Wakampeleka Orrin Fargo kwa mjomba, na mimi nikanyamaza miaka arobaini na saba. Tuliandikiana kila mwezi, mimi na yeye, na hakuna barua hata moja iliyoligusa. Kila kitabu kikitoka alinitumia. Cha nne kilikuja na kikaratasi ndani: "Ardis, hiki usikisome." Nikamtii mpaka uliponitumia zile kurasa.

Katika nadharia zenu zote, kuna aliyegundua kwamba Osmer hana dada mkubwa? Madaftari nimeyashusha nikayasoma, na vitabu vyote vitano pia, nimemaliza macho. Watu mia nne wamo, wafalme, wachunga kondoo, mpaka mpishi wa meli ana jina. Dada mkubwa hakuna popote. Alinitoa. Alisimama mahali pangu kule nyumbani, akasimama tena kwenye kitabu, asije mtu akaninyooshea kidole.

Mwisho hakuna. Kwenye madaftari kuna ukurasa mmoja ameuandika mara thelathini na moja. Osmer yuko ufukweni, anamwita Silla arudi, na kila mara sentensi inakatika katikati. Waambie hivyo.

Nimewaona watu wako kuwa wachafu miezi yote hii, na sijabadili mawazo. Lakini wao wamebahatisha juu ya mtoto wa karatasi. Mimi nilibahatisha juu ya gari bovu nikamtuma mtoto wa mama yangu, kisha nikamwachia kaka yangu abebe. Ndiyo maana nilishindwa kula, si fulana. Barua hii ichapishe. Isome mbele yao, na jina langu kamili na mji wangu.

Shangazi yako,
Ardis Tveit


Spokane
19 Agosti 1996

Shangazi,

Baba nilimsomea barua yako kabla sijaondoka, niliona si haki ayasikie kwa wengine. Aliingia bafuni akafungulia maji kwa muda mrefu. Alipotoka akasema atakupigia simu. Bado hajapiga, mpe nafasi.

Niliisoma Jumamosi huko Milwaukee, ukumbi wa hoteli, watu mia tatu na majoho yao. Nilisoma yote. Nilipofika pale kwenye mkate kuna waliokuwa wanalia, nikadhani tumemaliza. Nikakunja karatasi. Mtu mmoja mstari wa tatu akanyoosha mkono.

"Ukurasa gani?"

"Ukurasa wa nini?"

"Huyo dada mkubwa. Kitabu gani, ukurasa gani?"

Nikamwambia hayumo, na kutokuwamo kwake ndiyo habari yenyewe. Akasema, tena kwa upole, "Basi ushahidi hakuna, ndugu katibu." Bohannon akasimama. Akasema anakuheshimu sana, hata kwa ile ndoo hana kinyongo, lakini ni wazi kwamba dada anamlinda kaka yake marehemu, na mapenzi ya namna hiyo yanapendeza. Akauliza kama kamati inaweza kuyakagua madaftari. Wakampigia makofi. Waliokuwa wanalia nao walipiga.

Wakaiongeza kwenye karatasi ya kura kwa kalamu, chini kabisa. Wameiita Nadharia ya Shangazi. Imeshika nafasi ya nne. Ya tatu ni ya watu wa chini ya barafu, ya pili ni ya Bohannon. Ya kwanza, kwa mbali sana, ni ileile ya miaka yote, kwamba Silla yu hai.

Ukatibu nimeuacha palepale. Nimekuwa miaka sita na watu hawa, nimekula nao, na Jumamosi nilishindwa hata kushika mikono yao. Wala sitajifanya kwamba mimi ni mwingine. Januari niliuliza swali lilelile, tena wewe ukiwa na msiba.

Naomba nije Oktoba nikupasulie kuni, kama mlango bado uko wazi.

Lyle


Lindal
3 Septemba 1996

Lyle mwanangu,

Habari za baba yako nimezipata kwake mwenyewe. Alipiga Jumapili baada ya kanisa. Tulikaa kwenye simu dakika ishirini, na sidhani tulisema maneno kumi. Alipumua, nami nikapumua, kisha akasema goti linamwuma anakwenda kukaa.

Njoo Oktoba. Lete viatu vya matope.

Hilo la kura lilinikera siku mbili. Mtu anasema kweli mara moja katika maisha yake, anapewa nafasi ya nne, nyuma ya watu wa chini ya barafu. Nilianza kumwandikia yule wa mstari wa tatu, nikamwita majina ambayo mchungaji hajui kwamba nayajua, halafu nikaichana. Duka la chambo nimelihama. Huyo daktari akirudi ufukweni kwangu atarudi Tulsa ameloa tena.

Lakini hao wa nafasi ya kwanza, wanaosema yu hai, nimewafikiria sana. Hukuniambia walikuwa wangapi, nami ningependa kujua. Kwa sababu kama ningekuwa humo ukumbini, mwanangu, wakanipa karatasi na kalamu, mimi ninayejua kuliko wote, ningeipigia hiyohiyo.

Ardis